Chakula gani kinakusumbua? Namna ya kuacha, kurudisha na kupata jibu

Mtu ameacha chai ya maziwa kwa wiki mbili, tumbo limetulia, na nyumba nzima imeshatangaziwa kwamba ana aleji ya maziwa. Lakini chai ile ilikuwa ikiendana na mandazi mawili au chapati, na ilipoondoka chai, vitafunio navyo viliondoka. Je, tumbo limetulia kwa kukosa maziwa, kwa kukosa ngano, au kwa kukosa mafuta ya kukaangia? Hajui. Ataishi miaka bila maziwa kwa kuhisi tu.

Kupima chakula kwa kukiacha kuna sehemu mbili: unaondoa kinachoshukiwa kwa muda, kisha unakirudisha kwa kiasi unachokijua, kimoja baada ya kingine. Jibu linapatikana kwenye kurudisha, na huko ndiko wengi hawafiki kwa sababu wakishapata nafuu hawataki kujichokoza. Njia yenyewe ni ya siku nyingi. Daktari Albert Rowe wa California alikuwa akiitumia kwa wagonjwa wake tangu miaka ya 1920, na kwa tumbo lisilovumilia chakula fulani bado hakuna kipimo cha damu kilichochukua nafasi yake. Tenga kama miezi miwili: wiki moja ya kuandika, wiki tatu za kuacha, na wiki nne au tano za kurudisha.

Nani asijaribu nyumbani

Mzio, au aleji kama tunavyosema mitaani, ni kinga ya mwili kuishambulia protini ya chakula kana kwamba ni adui. Mzio wa ghafla hujitokeza ndani ya dakika chache mpaka saa mbili: midomo au kope kuvimba, mabaka yanayowasha mwili mzima, kutapika, kifua kubana, kizunguzungu na kuishiwa nguvu. Chembe ndogo inatosha kuuamsha, na unaweza kuua. Kutovumilia chakula ni jambo jingine: tumbo linashindwa kukisaga au kukifyonza, unapata gesi, tumbo linajaa, linauma, unaharisha. Hapo kiasi ndicho kinachoamua. Robo kikombe inapita salama, vikombe viwili vinakulaza.

Kama umewahi kupata dalili za ghafla baada ya karanga, korosho, kamba, samaki, yai, maziwa au chochote kile, usikirudishe nyumbani hata kwa ncha ya kijiko. Mtihani huo hufanyika hospitalini, penye sindano ya adrenalini na watu wanaojua kuitumia. Mwili uliokaa mbali na chakula chenye mzio unaweza kukipokea vibaya zaidi kinaporudi kuliko hapo mwanzo. Mwenye pumu aliye na shaka ya mzio naye aende hospitali. Mjamzito, mwenye kisukari anayetumia insulini na mtu aliyewahi kuugua tatizo la kujinyima chakula wasianze bila mtaalamu wa lishe.

Yapo pia mambo yanayofanana na mzio ambayo siyo. Nanasi likikuchoma ulimi, hicho ni kimeng'enya chake kinachokula protini, likipikwa halichomi. Jodari au kibua aliyekaa juani muda mrefu kabla ya kuwekwa barafu hujaza histamini, kemikali inayoleta dalili kama za mzio, nayo haiondoki hata ukimkaanga mpaka akauke. Mlaji anaiva uso, kichwa kinamgonga, vipele vinamtoka ndani ya saa moja. Kama wote mliokula samaki yuleyule mmeumwa, mlaumu aliyemhifadhi kabla ya kuulaumu mwili wako.

Vipimo vinavyotangulia

Kwetu tumbo likisumbua, jina la kwanza linalotajwa ni vidonda vya tumbo, la pili taifodi. Kabla ya kuanza kuondoa vyakula, pima choo. Minyoo, amiba na giardia huleta gesi na kuharisha kunakofanana kabisa na kutovumilia chakula. Giardia ina ujanja zaidi: huharibu ukuta wa utumbo mwembamba kiasi kwamba maziwa yanakataa kwa muda. Unaacha maziwa, unapata nafuu, na mdudu bado yumo.

Nenda kwa daktari moja kwa moja ukiona damu kwenye choo, ukipungua uzito bila kukusudia, ukipata homa, ukiamshwa usiku na kuharisha, ukipungukiwa damu, chakula kikikwama wakati wa kumeza, au kama matatizo yameanza ukiwa umepita miaka 50. Hizo si dalili za kuchezea kwa daftari na kijiko.

Jambo la pili ni ngano. Upo ugonjwa uitwao siliaki, ambapo kinga ya mwili hushambulia utumbo kila gluteni inapopita. Gluteni ni protini ya ngano na shayiri. Kipimo chake cha damu kinaonyesha ukweli ukiwa bado unakula ngano, na utaratibu wa kawaida ni kuila kila siku, zaidi ya mlo mmoja, kwa wiki 6 kabla ya kupima. Ukiacha ngano kwanza ndipo ukumbuke kipimo, majibu yanaweza kutoka safi wakati ugonjwa upo. Kwa hiyo kama unaishuku ngano, pima kabla ya kuiacha.

Kuna kipimo kinachouzwa kwa bei ya kuumiza: wanachukua damu, wanapima kingamwili za aina ya IgG, unarudishiwa orodha ya vyakula hamsini vya "kuepuka". Jumuiya za wataalamu wa mzio za Ulaya, Marekani na Kanada zote zimekikataa kwa kazi hiyo. IgG inaonyesha kwamba umewahi kukila chakula hicho, basi. Ndiyo maana orodha hujaa vile unavyovila kila siku.

Daftari, wiki moja kabla ya kuacha chochote

Kula kama kawaida na uandike. Mistari sita inatosha kwa kila mlo: saa, chakula na kiasi chake, kilivyopikwa na nini, dalili na saa ilipoanza, choo, na dawa ulizomeza. Dalili zipe alama kutoka 0 hadi 10. Usiandike "tumbo baya". Andika "kujaa 6, saa 10 jioni". Wastani wa wiki hii ndio utakaoulinganisha na yote yatakayofuata, na bila huo utabaki kubishana na kumbukumbu.

Wanawake waandike na siku za hedhi. Tumbo hubadilika lenyewe siku hizo zikikaribia, na chakula kingi kimesingiziwa wiki hiyo.

Mwisho wa wiki, soma nyuma. Tafuta kinachojirudia kabla ya dalili, ukikumbuka kwamba tumbo linaweza kujibu baada ya siku moja au mbili. Mlo wa mwisho kabla ya maumivu mara nyingi hauna hatia.

Uache nini

Acha vichache. Mtu anayeondoa vyakula kumi kwa mpigo hudumu siku nne, halafu harusi inamkuta. Daftari likionyesha kimoja, acha hicho kimoja. Lisipoonyesha kitu, kwa tumbo la gesi na kuharisha anza na maziwa pekee kwa wiki mbili, kwa sababu ndiyo yenye uwezekano mkubwa: takriban theluthi mbili ya watu wazima duniani hupungukiwa na kimeng'enya cha kusaga sukari ya maziwa, laktosi, baada ya utoto. Jamii za wafugaji zina nafuu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulikuta kwa wafugaji wa Tanzania na Kenya mabadiliko ya kijeni yanayowawezesha kunywa maziwa ukubwani, na yametokea peke yake, mbali na yale ya Ulaya.

Maziwa yasipobadilisha kitu, yarudishe, kisha ondoa kundi la pili kwa wiki tatu: ngano, maharage na jamii yake (kunde, choroko, dengu, mbaazi), vitunguu maji na vitunguu saumu. Hivi vina sukari zinazofika utumbo mpana bila kufyonzwa, bakteria huzichachua, gesi inajaa. Kundi hili limechunguzwa sana na Chuo Kikuu cha Monash, Australia. Embe, tikiti maji na tufaha vimo humohumo, kwa hiyo usianze kipimo msimu wa embe kama huwezi kujizuia.

Unaweza kushangaa vitunguu kuwekwa hapa. Mchuzi wetu hauanzi bila kitunguu, na ndiyo maana mtu huzunguka akilaumu nyama, nyanya, mafuta na mwishowe mpishi. Harufu ya kitunguu saumu unaweza kubaki nayo: kaanga punje nzima kwenye mafuta, itoe, kisha pika. Sukari yake huyeyuka majini tu, mafuta hayaichukui. Ukiitoa baada ya kumimina maji au nyanya umechelewa.

Wiki za kuacha

Kinachobaki kinashibisha vizuri: wali, ugali wa mahindi, mtama au ulezi, viazi mviringo, muhogo, ndizi za kupika, kuku, nyama, samaki mbichi wa siku hiyo, mayai kama hukuyashuku, mchicha, karoti, biringanya, nyanya, tangawizi, chumvi, mafuta ya alizeti, ndizi isiyoiva kupita kiasi, papai, chungwa. Chai ya rangi badala ya maziwa. Ukiacha maziwa, madini ya kalisi yatafute kwenye dagaa wanaoliwa na mifupa yake na kwenye ulezi, ambao una kalisi nyingi kuliko nafaka nyingine tulizozizoea.

Usibadilishe kitu kingine wakati huohuo. Ukiacha maziwa, soda, pilipili na kahawa siku moja, na ukaanza dawa mpya ya kiungulia, nafuu itakayokuja haina mwenyewe. Pilipili uliyokuwa ukila, endelea kuila.

Makosa mengi hutokea kwa vitu ambavyo mtu havioni kama chakula:

- Unga wa lishe. Mchanganyiko wake hutofautiana kwa kila muuzaji: mahindi, ulezi, soya, karanga, mara nyingine ngano, maziwa ya unga au dagaa. Kwa wiki hizi nunua nafaka nzima, uichague na kuiosha, kisha usage peke yake. Kwa mwenye siliaki hata mashine ya mtaani ni shida kama ilitoka kusaga ngano.
- Viungo vya pakiti vya mchuzi na supu za vidonge. Baadhi vina unga wa ngano, soya au maziwa, na karibu vyote vina kitunguu cha unga. Soma pakiti. Maneno "whey", "casein" na "milk solids" yote ni maziwa.
- Siagi ya kopo ya kupaka, soseji, biskuti, na mkate mweupe wenye maziwa au soya ndani.
- Mafuta ya muuza chipsi. Muhogo wako umekaangwa mlimokaangwa sambusa. Kwa kutovumilia si kitu. Kwa siliaki au mzio ni kosa kubwa.
- Chujio na sufuria ya chai ya nyumba nzima. Hapa nako mwenye mzio ndiye wa kuhofia. Kwa laktosi matone hayo hayafikii kiasi cha kuumiza.

Siku nne za mwanzo zinaweza kuwa ngumu, choo kikabadilika kwa sababu tu umebadilisha mlo. Usihukumu kabla ya siku ya kumi. Zikipita wiki tatu (mbili kwa maziwa pekee), nne kwa mwenye subira, na alama za daftari ni zilezile, chakula ulichoondoa si tatizo. Kirudishe chote. Kuendelea kupunguza sahani ukitumaini nafuu ijayo ndiko kunakowafikisha watu kwenye wali mweupe na chumvi.

Kurudisha

Subiri siku tatu mfululizo za alama za chini. Usianze wiki ya safari, ya hedhi, ya msiba au harusi, wala mwezi wa Ramadhani, ambapo saa za kula zimegeuka na futari huchanganya kila kitu. Usitumie dawa za mzio kama cetirizine siku za kupima, maana huficha dalili za ngozi. Dawa za pumu au nyingine ulizoandikiwa usiziguse.

Chakula kimoja, siku tatu za kupanda, kisha siku tatu za kupumzika bila hicho chakula. Kipike peke yake, asubuhi au mchana, ili dalili zikija usiwe umelala.

Maziwa: yachemshe, yanywe bila majani ya chai. Siku ya kwanza robo kikombe, siku ya pili nusu, siku ya tatu kikombe cha mililita 250. Kikombe hicho kina takriban gramu 12 za laktosi, kiasi ambacho hata wengi wenye upungufu wa kimeng'enya hukivumilia wakinywa pamoja na chakula.

Ngano: wengi hupimia chapati, nasi hatuipendekezi. Chapati ya kusukuma ina mafuta ya kutosha kuvuruga tumbo lisilo na tatizo na ngano. Chemsha tambi nyeupe zilizotengenezwa kwa ngano na maji tu: nusu kikombe zikiwa zimeiva, kikombe kimoja, kisha kimoja na nusu.

Maharage: loweka usiku kucha, mwaga maji, chemsha kwa maji mapya mpaka yalainike, weka chumvi. Usitie kitunguu. Hapo ndipo kipimo huharibika, kwa kuwa mkono wa mpishi hukata kitunguu wenyewe. Vijiko viwili vya mezani, robo kikombe, nusu kikombe. Ukipita hapo, jaribu siku nyingine yale ambayo hayakulowekwa. Ukiumwa na haya tu, umegundua kwamba dawa yako ni kuloweka.

Kitunguu maji: robo ya kitunguu cha wastani kwenye mboga unayoivumilia, kisha nusu, kisha kizima. Kitunguu saumu kipime kivyake, punje moja mpaka tatu.

Yai: la kuchemsha dakika kumi, robo, nusu, zima. Hili ni la mtu ambaye hajawahi kuvimba wala kutoka mabaka kwa yai.

Chukua kupanda kwa alama 3 au zaidi juu ya kawaida yako kuwa jibu la "ndiyo". Likitokea siku ya kwanza, acha hapohapo, usipande. Subiri mpaka alama zishuke, ongeza siku tatu, endelea na chakula kingine. Uvimbe wa midomo, mabaka au kifua kubana vikitokea wakati wowote, kipimo kimekwisha na unakwenda hospitali muda huohuo, hata kama inaonekana kupoa.

Chakula kilichopita mtihani usikirudishe mezani moja kwa moja. Kiweke pembeni mpaka vyote vimalizike, la sivyo vinachanganyika.

Kusoma majibu

Jibu moja la "ndiyo" ni fununu. Rudia mara moja baada ya wiki mbili. Likija tena, unaweza kulishika. Tumbo lina hofu zake, na ukitarajia kuumwa utaumwa kweli. Kwa maziwa, na pale tu hakuna shaka ya mzio, mwombe mtu wa nyumbani akupikie uji wa ulezi wenye tui la nazi na iliki kwa siku sita, zikipishana siku za kula na za kupumzika. Baadhi ya bakuli atie vijiko vinne vya mezani vya maziwa ya unga, sawa na kikombe kimoja hivi, nyingine asitie. Aandike yeye, usione. Ukitaja siku za maziwa bila kukosea, jibu lako limepata nguvu.

Maziwa yakikukataa, jaribu mtindi kikombe kimoja. Bakteria wa mtindi wamekula sehemu ya laktosi na husaidia kuisaga iliyobaki. Mtindi ukipita na maziwa ya kawaida yakigoma, shida huenda ni laktosi. Vyote vikigoma, hata kiasi kidogo, na hasa ngozi ikihusika, fikiria protini na umwone daktari. Maziwa ya mbuzi hayasaidii upande wowote, ingawa kila mtaa una mtu wa kukushauri hivyo: laktosi yake inakaribia ya ng'ombe, na protini zake zinafanana kiasi kwamba karibu kila mwenye mzio wa maziwa ya ng'ombe huumwa na ya mbuzi pia.

Ngano ikigoma na kipimo cha siliaki kikiwa safi, tazama majibu ya kitunguu. Vikigoma vyote viwili, mhusika huenda ni sukari ya aina moja iliyomo katika vyote, na gluteni haina hatia. Chapati moja inaweza kukufaa pale ambapo tatu hazikufai.

Watoto na wanaonyonyesha

Mtoto hapunguziwi chakula bila daktari. Wiki chache bila maziwa, yai na samaki bila mbadala zinatosha kumrudisha nyuma kwenye kadi ya kliniki. Mwenye ukurutu ana hatari nyingine: akiachishwa kwa muda mrefu chakula alichokuwa akikivumilia, kikirudi kinaweza kuleta mzio wa ghafla ambao hakuwa nao.

Kichanga anayenyonya na kushukiwa kuathirika na maziwa ya ng'ombe, mama ndiye anayeacha maziwa, wiki mbili hadi nne, kisha anarudia kuyanywa na kuangalia kama dalili zinarudi. Kunyonyesha kunaendelea. Mama aongezewe kalisi. Damu kwenye choo cha mtoto ni safari ya kliniki kabla ya yote.

Baada ya hapo

Chakula kilichokukataa kwa kikombe kizima huenda kikakubali kwa nusu. Baada ya mwezi wa kutulia, rudi ukitafute kiasi hicho: anza na robo, panda kila baada ya siku tatu, simama pale alama zinapoanza kupanda. Rudia tena baada ya miezi sita, kwa maana hasa maziwa baada ya giardia kutibiwa, au baada ya kuharisha kwa muda mrefu, huweza kukubalika upya. Kiasi chako kiandike kwa vipimo vya jikoni, vijiko na vikombe, ili hata anayekupikia asibahatishe.